Mwili wa mwanangu ni wa nani? Jibu kwa baba anayesita chanjo ya surua

Swali: "Daktari, habari za kazi. Mimi ni baba wa watoto wawili, naishi Morogoro. Mtoto wangu wa kwanza alichomwa sindano ya surua akiwa na miezi tisa. Wiki nzima alikuwa mzima. Siku ya nane akapandisha homa kali, usiku akapata degedege. Macho yalimgeuka, nikajua nimempoteza. Alipona, sasa ana miaka mitatu na hana tatizo lolote, lakini tangu siku ile hakurudi tena kliniki. Sasa mdogo wake ametimiza miezi tisa. Nilimwambia nesi nataka kufikiri kwanza, akanijibu mbele ya watu kwamba wazazi kama mimi ndio wanaoua watoto. Kituo cha kulelea watoto ambako mke wangu anataka kumwacha akirudi kazini hawampokei bila kadi iliyokamilika. Mwenyekiti wa mtaa naye anasema wakaidi watafuatwa majumbani. Mke wangu anataka mtoto achanjwe, mimi sijakubali, na nyumbani hapakaliki. Chanjo ya korona tuliambiwa ni hiari; hii ya mtoto imekuwaje lazima? Kama watoto wengine wamechanjwa, wa kwangu atawadhuru vipi? Na nani mwenye haki juu ya mwili wa mwanangu, mimi au serikali?"

Ndugu yangu, pole kwa usiku ule. Mzazi aliyewahi kumshika mtoto anayetetemeka mwili mzima, povu mdomoni na macho yamepanda juu, hasahau hata mtoto akikua akaota ndevu. Pole pia kwa lile jibu la kliniki. Aliyekujibu hivyo alikosea. Mzazi anayesema anataka kufikiri kwanza bado hajakataa, na alichohitaji siku ile ni kiti na dakika kumi za kusikilizwa. Nitajaribu kukupa hizo dakika hapa.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Ina hofu moja na hoja kadhaa, na naona hofu ndiyo inayozibeba hoja zote. Kwa hiyo naanza na degedege.

Chanjo ya surua, ambayo siku hizi huchomwa pamoja na ya rubela katika sindano moja, ni virusi hai vilivyodhoofishwa. Ili mwili uvitambue na kujifunza kupigana navyo, lazima vizaliane kidogo kwanza. Ndiyo maana homa yake haiji jioni ile ile, kama ile ya sindano ya paja ya wiki ya sita. Huja kati ya siku ya 7 na ya 12. Wewe umeandika siku ya nane. Sitakuficha: kwa maelezo yako, kuna uwezekano mkubwa kwamba homa ya mwanao ilitokana na chanjo kweli. Waliokuambia ni bahati mbaya tu, au kwamba chanjo haina madhara yoyote, hawakukutendea haki.

Sasa kilichofuata. Watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 wana ubongo ambao baadhi yao hauvumilii homa inayopanda ghafla. Homa yoyote: ya malaria, ya masikio, ya mafua, au ya chanjo. Kwa chanjo ya surua, makadirio yanayotumika zaidi ni kwamba mtoto mmoja kati ya 3,000 hadi 4,000 wanaochanjwa hupata degedege. Wako alikuwa huyo mmoja. Degedege fupi la homa linatisha kuliko kitu kingine chochote ambacho mzazi anaweza kukiona, lakini haliharibu ubongo. Mtoto wako wa miaka mitatu anayekimbia uani ndiye ushahidi wako, na yuko mbele ya macho yako kila siku.

Bibi zetu walisema ndege mbaya amempitia mtoto. Siwacheki, walikuwa wanatafuta sababu ya jambo lisilo na sababu inayoonekana. Ila imani hiyo imechelewesha watoto wengi kufika hospitali, na degedege la malaria kali au la homa ya uti wa mgongo halisubiri. Degedege la kwanza, hata ukiwa na hakika limetokana na chanjo, mtoto apelekwe hospitali akapimwe.

Surua yenyewe nayo huleta homa, tena kali na ya siku nyingi, na degedege lake ni la mara nyingi zaidi kuliko la chanjo. Nataka ukione nilichokiona mimi nilipokuwa daktari kijana katika hospitali moja ya wilaya. Mama mmoja alikuwa ametundika khanga yake dirishani kwa sababu mwanawe hakuweza kuvumilia mwanga. Macho yalikuwa mekundu, yamegandana matongo. Mdomo ulijaa vidonda hata ziwa hakulitaka. Akilisogelea analia, akiondolewa analia. Ngozi ilikuwa inabanduka vipande vya rangi ya kahawia. Nesi alikata ncha ya kidonge chekundu cha vitamini A kwa mkasi, akakiminya matone yakaingia kinywani. Siku ya pili akarudia. Hiyo, pamoja na maji, chakula na dawa ya nimonia, ndiyo tiba yetu, maana hakuna dawa inayoua kirusi cha surua. Mtoto yule aliishi. Jicho la kushoto lilibaki na doa jeupe juu ya mboni. Miezi miwili baadaye aliletwa tena na kuhara, kwa kuwa surua hufuta sehemu ya kumbukumbu ya kinga ya mwili, na magonjwa ambayo mtoto alikwisha kuyajua huwa kama mageni kwake.

Mama yule hakuwa amekataa chanjo. Alikwenda kliniki mara mbili akarudishwa, akaambiwa aje siku watoto watakapokuwa wengi. Vichupa vyetu vingi vya chanjo ya surua ni vya dozi kumi, na kikishafunguliwa hakidumu zaidi ya saa sita, kwa hiyo manesi huona hasara kukifungua kwa mtoto mmoja. Nalieleza hili kwa sababu tunapozungumzia wazazi wakaidi, wengi wa watoto wasiochanjwa niliowahi kuwaona hawakuwa na baba mkaidi. Walikuwa na kituo cha mbali, foleni ndefu, au chanjo iliyokwisha. Serikali inayotaka kulazimisha ianze kujiuliza kama mlango wake uko wazi.

Umeuliza, kama wenzake wamechanjwa, wako atawadhuru vipi. Ni swali la haki, na wengi hulijibu kwa haraka mno. Chukua hicho kituo cha kulelea watoto. Tuseme kina watoto ishirini, wote wamepata sindano moja ya miezi tisa. Katika umri huo sindano moja hushika kwa watoto 85 hivi katika 100, kwa sababu baadhi yao bado wana kinga waliyotoka nayo tumboni kwa mama, na kinga hiyo huivamia chanjo kabla haijafanya kazi. Kwa hiyo katika ishirini, watatu hawana kinga, na hakuna anayewajua: si wazazi wao, si mlezi, si mimi. Ongeza kichanga wa miezi mitano ambaye umri wake haujafika. Ongeza mtoto anayetibiwa saratani, ambaye chanjo hai haruhusiwi kabisa. Hao wote wanaishi nyuma ya migongo ya wenzao. Na surua haihitaji kugusana wala kukohoana usoni. Mgonjwa akitoka chumbani, kirusi kinaweza kubaki hewani kwa muda wa hadi saa mbili. Mahali pasipo na kinga, mgonjwa mmoja huambukiza watu 12 hadi 18. Ndiyo maana wataalamu husema lazima watoto 95 katika 100 wawe wamechanjwa ndipo ugonjwa ukose pa kupita, na ndiyo sababu ya kuwepo kwa sindano ya pili ya miezi 18, inayowakamata wale ambao ya kwanza iliwapita.

Lakini hoja hii haifai kwa kila chanjo, na ni vyema ulijue hilo. Pepopunda haitoki kwa mtu kwenda kwa mtu. Inatoka kwenye udongo na kitovu kilichokatwa kwa wembe mchafu. Mtoto wako asipochanjwa pepopunda hamhatarishi jirani hata kidogo. Anajihatarisha mwenyewe. BCG ya siku ya kuzaliwa nayo humkinga zaidi mtoto mwenyewe dhidi ya kifua kikuu kikali. Kwa hiyo mtu akikuambia chanjo zote ni lazima kwa sababu ya kulinda jamii, mwambie hapo amechanganya. Kwa surua hoja ya jirani ina nguvu sana. Kwa pepopunda haipo, inabaki hoja ya mtoto peke yake.

Na hapo tunafika kwenye swali lako kubwa. Ukiugua leo, ukakataa dawa, mimi kama daktari nitakubembeleza, nitakueleza, nitakasirika moyoni, lakini sitakuchoma sindano kwa nguvu. Mwili ni wako. Mtu mzima mwenye akili timamu anaweza kukataa hata upasuaji ambao ungemwokoa. Hiyo ni heshima ninayoiamini kwa dhati, na sitaki serikali yoyote iichezee.

Mwili wa mwanao, hata hivyo, si mwili wako. Ni amana kwako. Umempewa umtunze mpaka afike umri wa kusema mwenyewe anataka nini, na mwenye amana hana uhuru ule ule alio nao juu ya mali yake. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inasema hivyo hivyo kwa lugha ya kisheria. Kifungu cha 8 kinapotaja wajibu wa mzazi kinaanza na chakula, malazi na mavazi, kisha matibabu pamoja na chanjo. Ona ilivyowekwa: haikutajwa kama haki ya serikali juu ya mtoto, imetajwa kama haki ya mtoto juu ya mzazi. Serikali nayo si mwenye mtoto. Ni msimamizi wa pili, anayeingia pale msimamizi wa kwanza anaposhindwa, na akiingia lazima aonyeshe kwamba kweli kuna kushindwa.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema mzazi ana uhuru wa kuamua chochote. Sikubaliani pia na mwenyekiti wako wa mtaa.

Neno "lazima" tunalitumia kwa vitu visivyofanana. Anayekwenda Makka kuhiji anatakiwa awe amechanjwa homa ya uti wa mgongo, na sijawahi kumsikia haji akisema amenyang'anywa uhuru. Anayevuka mipaka fulani huonyesha kadi ya njano ya homa ya manjano. Hayo ni masharti ya kupita mlangoni: hutaki, hupiti, lakini hakuna anayekushika mkono. Kituo cha kulelea watoto kinachodai kadi kimo humo. Kina vichanga ndani, kina wajibu kwao, na waliowaleta wana haki ya kujua hewa ya chumba kile ni ya namna gani. Waislamu wana kanuni yao fupi, hakuna kudhuru wala kulipizana madhara, na ndiyo hasa inayofanya kazi pale mlangoni. Sharti hilo naliona la haki. Faini ni hatua nyingine, nzito zaidi. Kumfuata mtu nyumbani na mgambo ni hatua ya mwisho kabisa, na anayeitaja kama salamu ya asubuhi hajui uzito wake.

Mwaka 1902 mchungaji mmoja wa mji wa Cambridge, Massachusetts, Henning Jacobson, alikataa chanjo ya ndui. Alisema yeye na mwanawe waliwahi kupata madhara ya chanjo, maneno ambayo wewe ungeyaelewa. Akatozwa faini ya dola 5, akapinga hadi Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani, na mwaka 1905 akashindwa. Kesi hiyo hutajwa kila mahali kuonyesha kwamba serikali ina nguvu ya kulazimisha. Kinachosahauliwa ni kwamba lazima yenyewe ilikuwa faini. Hakuna aliyemlaza chini. Majaji walisema pia kwamba nguvu hiyo isitumike kionevu wala kwa mtu ambaye hali ya mwili wake haimruhusu.

Rio de Janeiro, mwaka 1904, walikwenda njia nyingine. Sheria ya ndui ilitoka wakati watu wa mabanda walikuwa wamechoka kuvunjiwa nyumba kwa jina la usafi, maofisa wanaingia na askari, na wakihofia kwamba sasa watawagusa wake na mabinti zao. Mji ukawaka kwa siku kadhaa, watu wapatao 30 wakafa, serikali ikaondoa ulazima. Miaka minne baadaye ndui ikarudi ikaua maelfu katika mji ule ule. Chanjo ilikuwa nzuri. Mikono iliyoileta ndiyo iliyokataliwa.

Kano, kaskazini mwa Nigeria, walisitisha chanjo ya polio mwaka 2003 kwa takriban mwaka mzima, kwa uvumi kwamba inafunga kizazi. Uvumi ule haukuota hewani. Mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya kigeni ilijaribu dawa yake kwa watoto wa huko, watoto kumi na mmoja wakafa, na wazazi wengi walisema hawakuelezwa kwamba ni majaribio. Polio ikatoka huko ikasambaa hadi nchi nyingine nyingi. Mkwamo haukutatuliwa na polisi. Ulitatuliwa pale viongozi wa Kano walipokubali chanjo iliyotengenezwa Indonesia, nchi ya Waislamu waliyoiamini.

Lakini kisa ninachokifikiria zaidi nikisoma barua yako ni cha Samoa, visiwa vya bahari ya Pasifiki vyenye watu laki mbili hivi. Julai 2018 watoto wachanga wawili walikufa dakika chache baada ya kuchomwa chanjo ya surua. Chanjo haikuwa na kosa. Chanjo hii huja kama unga mkavu, na huchanganywa na maji yake maalumu kabla ya kuchomwa. Manesi wawili waliichanganya na dawa ya kulegeza misuli iliyokwisha muda wake. Walifungwa miaka mitano kila mmoja. Serikali ikasitisha chanjo kwa miezi kadhaa, na ilipoifungua tena wazazi hawakurudi. Nani angewalaumu? Surua ilipoingia mwaka 2019 ilikuta chini ya nusu ya vichanga wamechanjwa. Walikufa watu 83, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano. Kwa nchi ndogo kama ile, ni makaburi mafupi mengi mno.

Hapo serikali ilitangaza hali ya hatari na kuifanya chanjo kuwa lazima. Tarehe 5 na 6 Desemba 2019 ofisi zikafungwa, magari yakazuiwa barabarani, na timu za chanjo zikapita nyumba kwa nyumba. Familia zenye mtu asiyechanjwa ziliambiwa zitundike kitambaa chekundu mbele ya nyumba. Hicho kitambaa ndicho kinachonifunza. Ilikuwa lazima, ndiyo, lakini wananchi wenyewe ndio waliokitundika. Walikaa vibarazani wakawangojea manesi. Kama wasingekuwa tayari, magari yale yangepita mbele ya milango iliyofungwa. Ukiniuliza kama serikali ya Samoa ilikuwa na haki Desemba ile, nasema ndiyo, bila kusita: ugonjwa unaua kila siku, chanjo inajulikana tangu 1963, na wanaokufa hawana sauti. Ukiniuliza kama ingetosha kulazimisha mwaka mmoja kabla, wakati wazazi wanalia makosa ya kliniki, nasema ingekuwa ukatili, na ingeshindwa.

Ndiyo maana kuhusu korona nilikuwa upande wa hiari. Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani tarehe 28 Julai 2021 na kusema anayetaka achanje. Kenya, mwishoni mwa mwaka ule, ilitangaza kwamba wasiochanjwa watanyimwa huduma za serikali za ana kwa ana, na mahakama ikasimamisha agizo hilo. Chanjo zile ziliokoa watu wengi wasife, hasa wazee, na mimi mwenyewe nilichanja mapema. Lakini zilikuwa mpya, na uwezo wake wa kuzuia maambukizi kwenda kwa wengine ulipungua ndani ya miezi michache, kwa hiyo hoja ya jirani ilikuwa dhaifu. Na waliochanjwa walikuwa watu wazima wanaojiamulia. Surua iko kinyume kwa kila kipengele: chanjo ya miaka sitini, kinga ya miaka mingi, inazuia maambukizi, na anayeamuliwa ni mtoto. Serikali haikujipinga ilipotofautisha.

Kuna deni ambalo serikali inayolazimisha lazima ilipe, na hili nalisema kwa wenzangu wa sekta ya afya kuliko kwako. Ukimwamuru mzazi amlete mtoto kwa faida ya watoto wa mtaa mzima, na huyo mmoja kati ya maelfu akapata madhara, si haki umwachie mzazi mzigo peke yake. Ujerumani ililiona hilo tangu 1961 ikaanzisha fidia. Marekani ilitunga sheria yake mwaka 1986. Kwetu jambo hili halijapewa uzito unaolistahili. Wewe ulipokuwa na mtoto wa degedege, je, kuna mtu aliyeandika tukio lile kwenye kadi, akakupigia simu wiki iliyofuata kuuliza mtoto anaendeleaje? Kama angekuwepo, nadhani usingeniandikia barua hii.

Sasa tuje kwa huyu wa miezi tisa. Kwa maelezo yako sioni sababu ya kumzuia chanjo. Degedege la dada au kaka yake halikatazi. Mafua madogo hayakatazi. Yanayokataza ni machache: mtoto aliyewahi kupata mzio mkali wa kuhatarisha maisha baada ya chanjo kama hii, au mwenye kinga iliyoporomoka sana, kwa mfano kwa saratani, kwa VVU vilivyokwisha kuudhoofisha mwili, au kwa dawa kali za steroidi. Kama lolote kati ya hayo lipo, au mtoto huyu amewahi kupata degedege yeye mwenyewe, usiende moja kwa moja kwenye foleni ya chanjo. Muone daktari wa watoto kwanza, ana kwa ana, na kadi mkononi.

Kama hakuna, nenda wewe. Usimtume mama peke yake, ukae nyumbani unahesabu siku. Mwombe nesi akuonyeshe kichupa kabla hajavuta dawa. Ni haki yako, na nesi mzuri hatakasirika. Kwenye kifuniko kuna duara la zambarau lenye kisanduku cheupe ndani. Chanjo ikipigwa na joto kisanduku kinaiva taratibu, na kikifanana rangi na duara, kichupa hicho hakifai tena. Muulize kimechanganywa saa ngapi, na maji yake ni yaliyokuja nacho. Akikujibu vizuri, hofu yako itapungua zaidi kuliko kwa maneno yangu yote. Kaeni pale nusu saa baada ya sindano.

Halafu weka alama kwenye kalenda, siku ya 7 hadi ya 12. Kuwa na dawa ya maji ya paracetamol nyumbani, kipimo chake nesi akuandikie kwa uzito wa mtoto. Homa ikianza, mvue nguo nzito, mpe maji au ziwa mara kwa mara, mpe dawa. Dawa itampa nafuu ingawa si kila mara inazuia degedege, kwa hiyo lijue la kufanya likitokea: mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu yake, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, tazama saa. Likizidi dakika tano, kimbia, usisubiri liishe. Likiisha mapema, nenda hospitali hata hivyo. Na homa inayoambatana na shingo ngumu, kutapika kila kitu, au mtoto kulegea asiamke sawasawa, hiyo usiihusishe na chanjo hata kidogo, ni dharura.

Kuhusu mwenyekiti, usigombane naye barazani. Nenda kwa mratibu wa chanjo wa wilaya, au afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, umweleze ulivyonieleza mimi, na umwambie pia yale maneno ya kliniki. Malalamiko ya namna hiyo yakifika kwa utulivu hufanyiwa kazi kuliko unavyodhani. Na kwa mkeo, mwambie ulichokiona usiku ule wa degedege. Wanaume wengi hawajawahi kuwaambia wake zao kwamba waliogopa, basi mke anabaki akidhani mume anabisha tu.

Siku ya kwenda chukua kadi zote mbili. Ya huyu mdogo, na ya mkubwa, ambayo nafasi ya miezi 18 iko tupu. Ana miaka mitatu, hajachelewa, na degedege baada ya sindano ya pili ni nadra zaidi kuliko baada ya ya kwanza. Mwonyeshe nesi tarehe ya ile homa, aiandike.